Namna ya kupata taji bora la jino pale bima inapolipa sehemu tu ya gharama

Ankara ya taji la jino, yaani kofia inayofunika jino lililosagwa, huwa fupi sana. Kuna namba ya jino, tuseme 36, yaani gego kubwa la kwanza la chini upande wa kushoto. Kuna neno «taji» na jina la malighafi. Kisha kuna kiasi cha kulipa. Kampuni ya bima inaona mstari huo mmoja na kuulipia vilevile, awe daktari amelitengeneza jino kwa dakika arobaini akiwa mbio kumwita mgonjwa anayefuata, au ametumia saa mbili na kurudia kipimo cha umbo la jino mara tatu mpaka akaridhika. Bima haijui ukingo wa taji umekaa vipi chini ya ufizi. Haijui ni fundi gani aliyelitengeneza. Kwa hiyo mgonjwa anayetaka taji litakalodumu anapaswa kuelewa ni wapi bima huacha kuangalia, kwa sababu hapo ndipo ubora hupungua bila mtu kutamka neno.

Bei ya taji inabeba muda wa daktari kwenye kiti, dawa ya ganzi, vifaa vya kuchukulia kipimo, taji la muda, malipo ya maabara ya meno, saruji ya kubandikia, na gharama za kuendesha kliniki. Kliniki inapojiunga na mtandao wa bima, yaani kundi la kliniki zenye mkataba na kampuni, hukubali bei iliyopangwa, ambayo mara nyingi huwa chini ya bei yake ya kawaida. Kodi ya jengo haishuki kwa sababu hiyo, wala mshahara wa muuguzi. Vinavyoweza kushuka ni viwili: muda wa kiti na malipo ya maabara. Sisemi kwamba kila kliniki ya mtandao hufanya hivyo, kwani wapo madaktari wanaokubali faida ndogo ili kazi yao isiwaaibishe. Ila shinikizo lipo, na mgonjwa akilijua atauliza maswali yanayostahili.

Anza kwa kuuliza kama taji linahitajika

Kuvika jino taji zima humaanisha kulisaga pande zote, na zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni inaweza kuondolewa. Kilichosagwa hakirudi. Gego lililotibiwa mzizi na kupoteza kuta zake kwa kawaida linahitaji kufunikwa, la sivyo litapasuka siku moja wakati wa kutafuna. Jino la mbele lililotibiwa mzizi, ambalo bado lina kuta nzima, mara nyingi hutosheka na kujazwa vizuri. Kati ya hayo mawili kuna meno mengi ambayo yangehifadhiwa kwa kifuniko cha sehemu, yaani kipande kinachofunika vilele vya kutafunia vilivyodhoofika na kuacha kuta zilizo imara.

Hapa bima huingilia kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Baadhi ya mikataba hulipia taji zima bila ubishi, lakini kifuniko cha sehemu hukihesabu kama kujaza kwa kawaida na kukilipia kiasi kidogo. Daktari anajua hilo, na jino linasagwa zaidi ya inavyohitajika kwa sababu fomu inakwenda vizuri zaidi hivyo. Ukipendekezewa taji, omba uonyeshwe picha ya eksirei na picha ya kawaida ya jino lenyewe, kisha uulize moja kwa moja: kama bima isingekuwepo, ungenishauri hivi hivi? Jibu la swali hilo, na hata namna linavyojibiwa, vitakueleza mengi.

Soma mkataba kabla jino halijaguswa

Mikataba mingi ya bima ya meno hupanga matibabu kwa madaraja. Uchunguzi na usafishaji hulipiwa wote au karibu wote, kujaza na kung'oa hulipiwa sehemu kubwa, na mataji huwekwa katika daraja la matibabu makubwa, ambalo mara nyingi hulipiwa nusu tu. Juu ya hapo kuna kikomo cha mwaka, ambacho hakijali asilimia uliyoahidiwa: kikifika mwisho, kila kinachofuata ni chako. Kuna pia kipindi cha kusubiri kwa mwanachama mpya, ambacho kwa mataji kinaweza kuwa cha miezi 6 au 12.

Hesabu ndogo itafafanua. Tuseme, kwa sarafu yoyote ile, kliniki hutoza 1,000 kwa taji, bei iliyokubaliwa ndani ya mtandao ni 800, bima hulipa nusu, na kikomo chako cha mwaka ni 600 ambacho umeshatumia 250 kwa matibabu ya mzizi. Ndani ya mtandao nusu ni 400, lakini umebakiwa na 350, kwa hiyo utalipa 450. Nje ya mtandao, kama mkataba unaruhusu, utalipa angalau 650. Tofauti ya 200 ndiyo unayopaswa kuipima dhidi ya kazi ya madaktari hao wawili, na mara nyingine inastahili kulipwa. Taji likikaa miaka 15 badala ya mitano, 200 hizo ni kidogo mno.

Njia moja halali ya kukinyoosha kikomo ni kugawa kazi katika miaka miwili ya bima: matibabu ya mzizi na ujenzi wa kiini cha jino (kijazio kinachorudisha sehemu iliyopotea ili taji lipate pa kushika) mwishoni mwa mwaka mmoja, taji mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Isipite muda mrefu, kwa sababu gego lililotibiwa mzizi likiachwa miezi mingi na kijazio cha muda hupenyeza mate na bakteria ndani, au hupasuka. Wiki chache juu ya kiini kilichojengwa vizuri hazina neno. Uliza pia kama bima yako huhesabu tarehe ya kusaga jino au tarehe ya kubandika taji, kwani kampuni hutofautiana, na kosa hapo linaweza kukurudisha ndani ya mwaka ulioukwepa.

Kifungu kinachowashangaza wengi ni kile cha mbadala wa bei nafuu. Daktari anaweza kupendekeza taji la zirkonia, aina ya kauri ngumu, kwa gego, bima ikajibu kwamba kwa jino la nyuma metali inatosha, na ikakokotoa nusu yake kutoka katika bei ya metali. Kama zirkonia ni 800 na metali ni 600, bima italipa 300, nawe utalipa 500, ingawa kwenye kadi yako imeandikwa asilimia 50. Omba idhini ya awali kwa maandishi yenye tarakimu. Jibu huchukua siku kadhaa, na isipokuwa jino linauma au limevunjika, siku hizo zinasubirika.

Kiini ambacho hakuna anayetaka kukilipia

Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kazi yote ambayo mgonjwa asikubali ipunguzwe, ningechagua kilicho chini ya taji. Jino lililooza sana linahitaji kujengwa upya kabla ya kusagwa, na ili taji lishike, linapaswa kukumbatia pete ya jino zima, lisilo na kijazio, yenye urefu wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka shina lote. Pete hiyo ndiyo inayobeba nguvu za kutafuna. Ikikosekana, taji linashikiliwa na kijazio na gundi tu, na siku moja litatoka likiwa na kijazio ndani yake, au mzizi utapasuka.

Kampuni nyingi za bima hukataa kulipia ujenzi wa kiini peke yake zikidai ni sehemu ya taji, au hudai picha za kuthibitisha kwamba ulihitajika. Pale pete inapokosekana kwa sababu uozo umeshuka chini ya ufizi, inabidi kufanyiwa upasuaji mdogo wa kushusha ufizi na mfupa ili jino lipate urefu, na hiyo ni ankara nyingine tena. Kishawishi cha kuviruka vyote viwili ni kikubwa, kwa sababu taji lililobandikwa juu ya kisiki kifupi huonekana zuri kabisa kwa mwaka wa kwanza. Muulize daktari: pete ya jino zima itabaki milimita ngapi? Ikiwa hakuna pete ya kutosha wala njia ya kuipata, huenda fedha yako ingefaa zaidi kuhifadhiwa kwa ajili ya pengo litakalofuata kuliko kulivika taji jino ambalo halitadumu.

Malighafi, na kwa nini ghali zaidi haimaanishi imara zaidi

Mataji hutengenezwa kwa metali tupu, kwa metali iliyofunikwa kauri, au kwa kauri tupu, na katika kundi hili la mwisho maarufu ni zirkonia na lithiamu disiliketi. Zirkonia ya aina ya kwanza, ile isiyopitisha mwanga sana, ina nguvu ya takriban megapaskali 1,000 kwa kipimo cha kupinda; lithiamu disiliketi iko karibu na 400, lakini inafanana zaidi na jino halisi na inashikamana vizuri na gundi ya resini, ndiyo maana hupendwa kwa meno ya mbele. Zirkonia mpya zinazopitisha mwanga zaidi ni dhaifu kuliko zile za kwanza, kwa hiyo neno «zirkonia» peke yake kwenye ankara halitoshi. Uliza ni aina gani, na kama taji ni kipande kimoja au limepakwa tabaka la kauri juu. Tabaka hilo huleta uzuri, na ndilo linalomeguka.

Zirkonia ya kipande kimoja huchongwa na mashine kutoka katika muundo wa kompyuta, kisha huchomwa tanuruni. Kwa kuwa saa za fundi zimepungua, gharama yake ya maabara inaweza kuwa chini ya ile ya metali iliyofunikwa kauri, ambayo huhitaji mkono wa fundi kupaka kauri tabaka baada ya tabaka. Mgonjwa anayeongezewa bei kubwa kwa sababu tu ameambiwa kwamba zirkonia ni ya kisasa ana haki ya kuuliza nyongeza hiyo inakwenda wapi.

Kuhusu metali, bima inapokataa kulipia zaidi ya metali kwa gego la mwisho ambalo hakuna anayeliona, usihuzunike. Aloi ya dhahabu ni miongoni mwa malighafi bora zilizowahi kuwekwa mdomoni: haichakazi sana jino inalogusana nalo, ukingo wake hukaa vizuri, na inahitaji jino kusagwa kidogo. Tatizo ni kwamba neno «metali» katika mkataba mara nyingi humaanisha aloi ya bei ya chini kabisa. Kwa mgawanyo unaotumiwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, aloi ya daraja la juu ina angalau asilimia 60 ya metali bora (dhahabu, platini na jamii yake), na dhahabu peke yake angalau asilimia 40. Aloi bora ya kawaida ina angalau asilimia 25. Na iliyo chini ya hapo huitwa aloi ya msingi, ambayo huwa ya nikeli na kromi au kobalti na kromi. Nikeli huwaletea watu wengine mzio. Kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio, mwambie daktari kabla oda haijapelekwa maabara.

Ukingo na muda

Taji halifi kwa kuvunjika tu. Mara nyingi jino huoza upya pale taji linapokutana nalo, kwenye ukingo. Watafiti wamezoea kutumia maikromita 120 kama mwanya mkubwa kabisa unaovumilika, kiasi kisichofika unene wa nywele mbili. Ili kuupata usahihi huo, kipimo kinapaswa kuuonyesha ukingo wote bila damu wala mate, na hilo hufanyika kwa kupitisha uzi mwembamba kati ya jino na ufizi ili ufizi usogee, kisha kusubiri dakika kadhaa. Hakuna mstari wa ankara kwa ajili ya dakika hizo. Kamera ya kupiga picha mdomoni huondoa usumbufu wa kujazwa kinywani malighafi laini ya kipimo, lakini haioni kupitia damu. Kilichofichwa kwenye kipimo cha zamani hufichwa kwenye picha pia.

Taji la muda nalo hupuuzwa kwa sababu kwa kawaida halilipiwi peke yake. Lisipokuwepo, au likiwa limelegea, meno jirani husogea, ufizi hupanda juu ya kisiki, na taji la kudumu likirudi kutoka maabara baada ya wiki mbili halikai. Hapo daktari mwenye haraka hulisaga mpaka likubali kuingia. Ukiona taji lako la muda limeanguka, rudi siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama halikuumi.

Kabla ya kuanza, uliza maabara ni ipi, kama daktari anaweza kuzungumza na fundi moja kwa moja, na kama utapata karatasi ya maabara yenye jina la malighafi na namba ya toleo lake. Maabara ya mbali si lazima iwe mbaya, lakini inayofanya kazi kwa bei ya chini kabisa mara nyingi haipendi kurudishiwa kazi, na daktari akijua kwamba marudio yatamgharimu, atashawishika kukubali kilichokuja.

Siku ya kubandika

Hii ndiyo siku ambayo mgonjwa ana nguvu kuliko siku nyingine yoyote, na wengi huipitisha wakiwa wamefumba macho kwenye kiti. Sababu ni kifungu kimoja cha mkataba: taji likishabandikwa, bima haitalipia jingine kwenye jino hilohilo kwa miaka 5, na kwingine 7 au 10. Saruji ikikauka, saa hiyo inaanza kuhesabu, taji liwe zuri au baya.

Mimi nililipia somo hili. Taji la gego langu la juu lilipobandikwa, uzi wa kusafishia meno ulipita upande wa nyuma na kutoka umechanika nyuzinyuzi. Nilimwonyesha daktari, akaniambia ufizi utazoea. Ufizi haukuwa na cha kuzoea, kwa sababu uzi huchanika pale unapokwaruza ncha iliyojitokeza au mwanya. Katika mwaka wa tatu eksirei ilionyesha kivuli cheusi chini ya ukingo uleule. Bima ilijibu kwa barua ya mistari minne kwamba muda wa miaka 5 haujatimia, nami nikalipa taji la pili lote kutoka mfukoni.

Kwa hiyo omba taji lijaribiwe kwanza bila saruji. Uzi upite pande zote mbili kwa kukaza kidogo na utoke mzima. Daktari apitishe sindano yake ya uchunguzi kutoka kwenye jino hadi kwenye taji na kurudi. Isikwame kama ukucha kwenye ufa. Eksirei ya pembeni, ile inayoonyesha meno ya juu na ya chini pamoja, inaweza kupigwa taji likiwa bado halijabandikwa, na ni halali kuiomba. Ng'ata karatasi ya rangi, kisha uangalie alama: taji liguse pamoja na meno mengine, lisitangulie. Kumbuka tu kwamba ganzi hudanganya, hivyo kama kisiki si chenye maumivu, ni afadhali jaribio lifanyike bila ganzi. Rangi ya jino la mbele itazamwe dirishani kwenye mwanga wa mchana, kwa kioo cha mkononi, nawe ukiwa umekaa wima. Lisipokuridhisha, sema kwamba ungependa lirudishwe maabara na ubaki na taji la muda. Daktari makini hatachukia, kwa sababu yeye pia hapendi kukuona tena kwa jino hilohilo.

Fedha zinapokuwa hazitoshi kabisa

Taji duni linalobandikwa kwa haraka ni chaguo baya kuliko kusubiri kwa mpango. Gego linaweza kujengwa kwa kijazio cha resini kinachofunika vilele vyote, na likafanya kazi kwa miaka kadhaa huku ukiweka akiba. Hospitali za vyuo vya udaktari wa meno, pale zilipo, hutoza kidogo, na ingawa mwanafunzi atachukua saa nyingi, kila hatua hukaguliwa na mwalimu wake kabla ya kuendelea, jambo ambalo mgonjwa wa kawaida halipati kwa fedha yoyote. Kliniki nyingi pia hukubali malipo ya awamu mgonjwa akiomba kabla kazi haijaanza. Wale wanaosafiri kwenda nchi nyingine kwa ajili ya mataji ya bei nafuu waulize kwanza nani atalirekebisha taji likisumbua mwezi wa tatu, kwa sababu daktari wa nyumbani hatapenda kubeba kazi ya mwenzake, na bima huenda isilipie marekebisho hayo.

Bima ikikataa, usichukulie barua ya kwanza kuwa ya mwisho. Mara nyingi dai hukataliwa kwa sababu eksirei haionyeshi ufa au ukuta uliovunjika, vitu ambavyo picha ya kawaida iliyopigwa kabla ya kusaga huonyesha waziwazi. Mwombe daktari aipige picha hiyo asubuhi ya kazi, kwa sababu baada ya kusaga ushahidi umekwisha, kisha aandike aya moja ya kueleza kuta zipi zimepotea na kwa nini kujaza hakutoshi.

Tunza picha hiyo pamoja na eksirei ya siku ya kubandika, karatasi ya maabara na barua ya idhini katika faili moja. Eksirei ya pembeni ikirudiwa baada ya mwaka au miwili, daktari ataweza kuiweka kando ya ile ya kwanza na kuona kama ukingo umebaki ulivyokuwa, na ukihamia kliniki nyingine faili hilo litamwonyesha daktari mpya kilichoko chini ya taji bila kulitoboa.